Shingo Ndefu Kutoka Lindi

Mbalamwezi inapokuwa pevu, wavuvi wa Rumonge, Burundi, hawaendi ziwani. Ndagala, dagaa wetu, hufuata taa, na mwezi ukijaa taa ya mvuvi huwa kama kibatari kilichowashwa juani. Boti hulala mchangani, nyavu huanikwa, na vijana waliozoea kukesha majini hawajui waupeleke wapi usiku. Wengi huupeleka sinema.

Usiku mmoja wa namna hiyo niliingia bandani na mtoto wa dada yangu kutazama Jurassic World Rebirth, filamu ya saba ya mfululizo ulioanza mwaka 1993. Hii ya saba ilitoka Julai 2025, ikaongozwa na Gareth Edwards. Tulikaa benchi la tatu, miguu ikigusa migongo ya waliokaa chini mbele yetu. Harufu ya mawese na samaki waliokauka ilikuwa imeingia na watu ndani ya nguo zao. Filamu ilianza kwa kueleza kwamba dinosaria waliotawanyika duniani wanakufa. Hali ya hewa ya nchi nyingi imewakataa, na waliobaki wanaishi kwenye nchi za joto zinazozunguka ikweta tu.

Rumonge iko kusini mwa ikweta kwa digrii 4 hivi. Mtoto alinivuta mkono wa shati. "Mjomba, kumbe wako huku kwetu?"

Nilimjibu neno moja, "Walikuwako," kwa sababu watu walikuwa wanatunyamazisha. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu lenyewe. Nimekuwa nikilibeba kwa miaka mingi, na nadhani linawahusu wote wanaosema Kiswahili kuanzia mwambao wa bahari hadi mwambao huu wa Tanganyika.

Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aitwaye Bernhard Wilhelm Sattler alikuwa akitafuta madini bara ya Lindi, kusini mwa Mto Mbwemkuru. Karibu na kilima ambacho Wamwera wanakiita Tendaguru, alikuta mfupa mkubwa umechomoza ardhini njiani. Wenyeji walikuwa wanaujua, yeye ndiye aliyekuwa mgeni nao. Alipeleka habari, na mwaka uliofuata mtaalamu Eberhard Fraas akaja kuangalia. Alirudi Ulaya na mifupa kadhaa, na maneno yake yakawasha moto Berlin. Makumbusho ya huko yakachanga fedha, na mwaka 1909 Werner Janensch na Edwin Hennig wakashuka Lindi.

Nchi waliyoikuta ilikuwa na majeraha. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika miaka miwili tu nyuma. Majeshi ya Kijerumani yalikuwa yamechoma vijiji na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Katika ardhi hiyohiyo watu walionusurika waliajiriwa wachimbe. Mwaka wa kwanza vibarua hawakufika 200, na baadaye walikaribia 500. Walikuja na wake zao na watoto, kambi ikawa kijiji. Walichimba mashimo marefu kupita kimo cha mtu mara kadhaa, wakikwangua udongo taratibu kila jembe lilipokaribia mfupa, kwa sababu kitu kilichodumu miaka milioni 150 chini ya ardhi huweza kuvunjika kwa pigo moja la haraka.

Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake ningependa lisomwe polepole. Wazungu walikuja na kuondoka kwa zamu. Janensch na Hennig walipoondoka, Hans Reck alishika kazi mwaka 1912. Boheti ndiye aliyekuwapo tangu mwanzo. Alijua kuutambua mfupa ukiwa bado kidole tu kimetoka, alijua kuusafisha, kuutia udongo na plasta, na kuwafundisha wengine. Waingereza walipokuja kuchimba tena palepale, kati ya mwaka 1924 na 1931, walimtafuta yeye. Kiongozi wa kwanza wa msafara huo wa Waingereza, William Cutler, alikufa kwa malaria mwaka 1925. Boheti aliendelea na kazi.

Halafu ukaja ubebaji. Tendaguru haikuwa na reli wala barabara ya gari, na mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo. Kila kitu kilisafiri kichwani au begani mwa mtu. Mifupa midogo ilifungwa ndani ya mapipa ya mianzi yaliyosukwa palepale kijijini, ikatandikwa nyasi na udongo isigongane. Mfupa wa paja au wa bega ulitundikwa kwenye mti na kubebwa na watu kadhaa kwa hatua moja. Safari hadi Lindi ilichukua siku 3 au 4. Mizigo ilizidi 4,000, na uzito wa vyote vilivyofika Berlin ulikuwa tani zipatazo 230. Kila ninapoiona hesabu hiyo huwaza mabega. Nimekulia kwenye bandari na najua bega la mtu anayebeba magunia linavyokuwa akifika umri wa miaka 40.

Msomaji anaweza kuuliza Rumonge inaingiaje hapa. Inaingia kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kwamba wakati mifupa hiyo inabebwa, Lindi na Rumonge zilikuwa chini ya bendera moja. Urundi, Burundi ya leo, ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi Wabelgiji walipoiteka mwaka 1916, na amri za mwisho zilitoka Dar es Salaam kwa wote wawili, Mmwera wa Tendaguru na mvuvi wa hapa.

Ya pili ni ya zamani zaidi, nami naipenda zaidi. Kiswahili cha mwambao huu kililetwa na misafara iliyopitia Ujiji, na mtu aliyekuwa na nguvu kuliko wote Ujiji katika miaka ya 1880 alikuwa Muhammad bin Khalfan el-Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza. Watu wake walivuka na kujikita kwenye ufuko wa Burundi, Rumonge ikiwamo, wakinunua pembe na kukamata watumwa, hadi Mwami Mwezi Gisabo alipowazuia wasipande milimani. Rumaliza alikuwa mzaliwa wa Lindi. Biashara yake iliumiza watu, na sitaipamba. Lakini lugha iliyoachwa ufukoni na misafara ile ndiyo niliyoizungumza na mama yangu. Na mkuu wa misafara hiyo alizaliwa si mbali na kilima ambako jitu la kale lilikuwa bado limelala, halijaguswa.

Berlin walichukua miaka mingi kulipanga jitu hilo. Janensch alilipa jina mwaka 1914, Brachiosaurus brancai, akiliunganisha na mnyama aliyechimbwa Colorado, Marekani, mwaka 1900 na Elmer Riggs. Yule wa Marekani hakuwa na kichwa. Huyu wa Tendaguru alikuwa na fuvu, lenye ule mwinuko wa mfupa juu ya pua kama mpini wa kikapu. Mwaka 1937 kiunzi chake kilisimamishwa katika ukumbi mkuu wa makumbusho, kimo cha mita 13.27. Mpaka leo huhesabiwa kuwa kiunzi cha dinosaria chenye kimo kikubwa kuliko vyote kwenye makumbusho duniani. Mwaka 2009 Michael Taylor alionyesha kwamba mnyama wa Tendaguru na yule wa Colorado wanatofautiana kiasi cha kustahili majina mawili, na wetu sasa anaitwa Giraffatitan, yaani jitu twiga.

Kwa hiyo kila mchoraji wa karne iliyopita aliyetaka kumchora Brachiosaurus na kichwa chake, alimchora wa Tendaguru. Ndivyo ilivyokuwa pia Steven Spielberg alipotengeneza Jurassic Park kutokana na riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1990. Dinosaria wa kwanza kuonekana mzima kwenye filamu hiyo, mchana kweupe, ni huyu. Gari linasimama. Mhusika mkuu, Daktari Grant, anavua miwani, anamgeuza kichwa mwenzake kwa mkono ili naye atazame, na yule mwanamke anasimama garini kinywa wazi. Mbele yao mnyama anapita, miguu kama mihimili ya msikiti, anajiinua kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya juu, kisha anashuka na ardhi inapiga kishindo. Nyuma yake kuna ziwa, na makundi yanatembea kando ya maji. Mwinuko wa pua ni uleule ambao Boheti na wenzake waliutoa udongoni. Na yule mwanamke anayesimama garini, jina lake ni Ellie Sattler. Majina yamegongana: Sattler wa Lindi mwaka 1906, Sattler wa sinema mwaka 1993, wote wawili wakisimama mbele ya majitu ya kale.

Dunia iliiona filamu hiyo kuanzia Juni 1993. Kwetu Juni 1993 ndipo Melchior Ndadaye alipochaguliwa kuwa Rais, na Oktoba 21 mwaka huohuo aliuawa. Vita vilivyofuata vilichukua zaidi ya miaka 10. Mwambao huu ulikuwa tayari umeonja mauti kabla ya hapo: machafuko ya mwaka 1972 yalianzia hapa Rumonge na Nyanza-Lac mwezi wa Aprili, na kisasi kilichofuata nchi nzima kiliwavusha watu kwa makumi ya maelfu kwenda Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hatukuwa na nafasi ya dinosaria.

Filamu ilitufikia pamoja na watu waliorudi. Miaka ya 2000 wakimbizi walipoanza kurejea, wengine wakiwa wamezaliwa Tanzania, walikuja na Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu, na baadhi yao walikuja na kanda. Huko Dar es Salaam Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana na wengi kwa jina la Lufufu, alikuwa ameifanya kazi ya kutafsiri filamu za kigeni kwa mdomo kuwa sanaa yenye wapenzi wake, na mtindo huo ulisambaa hadi Kigoma na kuvuka ziwa. Mtu anakaa na kipaza sauti, picha inakwenda, naye anasimulia kila kitu: maneno ya waigizaji, mawazo yao, na yale ambayo hawakuyasema.

Banda letu la wakati huo lilikuwa la mbao na mabati, karibu na bandari. Jenereta ilikuwa nje, imefungwa mnyororo kwenye mti wa mchikichi, na ilipokohoa picha ilisinyaa mpaka ikawa nukta. Kaseti yenyewe ilikuwa imechezwa mara nyingi hadi upande wa juu wa picha ulikuwa umepinda. Shingo ya yule mnyama ilipopanda, ilipanda ikaingia kwenye ule mpindo, ikawa kana kwamba inatoka nje ya televisheni. Msimulizi wetu, kijana aliyerudi kutoka Mishamo, alinyamaza kidogo, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Kisha akasema, "Jamani, huyu ni twiga wa zamani. Twiga aliyekuwa jitu." Hakuwa amesoma popote kuhusu Giraffatitan. Aliona shingo akasema alichokiona.

Wenzangu walitoka pale wakiigiza yule mnyama mkali mwenye mikono mifupi. Mimi nilitoka na yule mpole. Watoto wa vita tulikuwa tumeshaona vya kutosha vitu vikubwa vinavyoua. Kitu kikubwa hivyo kinachokula majani tu kilikuwa kipya machoni pangu. Miaka mingi baadaye nilipokuta kwenye kitabu kwamba mifupa yake ilitoka Lindi, ilinibidi nifunge kitabu nitembee hadi ufukoni.

Kwenye filamu zilizofuata sitakawia. Ile ya 1997 na ile ya 2001 zina mbio nyingi na mshangao mdogo. Ya 2015 ilirudisha watu sinema kwa mamilioni, lakini mnyama wake mkuu ni wa kutengenezwa, hana mifupa popote. Ya 2022 ilikuwa na nzige wengi kuliko inavyofaa. Ya mwaka 2018 tu, Fallen Kingdom, inanilazimu nisimame. Kisiwa kinaungua kwa volkano, meli ya mwisho inaondoka, na kwenye gati anabaki mmoja wa wale wenye shingo ndefu. Moshi unamfunika. Anajiinua kwa miguu ya nyuma kama alivyofanya mwaka 1993, analia, na kivuli chake kinazimika. Mwongozaji J.A. Bayona alisema alikusudia awe ni yuleyule wa filamu ya kwanza. Mtu aliyewahi kusimama kwenye gati la Rumonge au la Kigoma akiangalia chombo kinaondoka na watu wake hahitaji msimulizi hapo.

Nirudi basi kwenye benchi langu, filamu ya saba, usiku wa mbalamwezi.

Habari yake ni hii. Kampuni ya dawa inataka damu ya wanyama watatu wakubwa kuliko wote waliobaki, mmoja wa majini, mmoja wa nchi kavu, mmoja wa angani, ili itengeneze dawa ya moyo. Zora Bennett, anayeigizwa na Scarlett Johansson, anakodiwa kuifuata, pamoja na mtaalamu Henry Loomis, anayeigizwa na Jonathan Bailey. Wanaanza na wa majini. Mosasaurus alipoipindua mashua ya familia moja baharini, banda zima lilikuwa kimya. Watazamaji hawa wanaijua mashua, na wanaujua uzito wa maji usiku. Mzee mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti ya chini, "Huyo ni Gustave."

Hakutania. Gustave ni mamba aliyepewa jina na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi, na aliyemfuatilia tangu miaka ya 1990 kati ya mdomo wa Mto Rusizi na fuko hizi za kusini. Urefu wake ulikadiriwa kuwa mita 6, mwili una makovu ya risasi, na watu humhesabia vifo hadi 300, hesabu ambayo hakuna aliyeithibitisha. Faye na wenzake walimtengenezea mtego wa chuma wenye urefu wa mita 9, wakatia mbuzi ndani, wakapiga filamu iliyoonyeshwa mwaka 2004. Usiku mmoja mvua ilinyesha, maji yakapanda, na asubuhi mbuzi hakuwamo. Hollywood nayo ikatengeneza filamu yake, Primeval, mwaka 2007, ikapigwa Afrika Kusini. Milima ile si yetu na maji yale si ya Tanganyika. Naona ni filamu duni, na ubaya wake mkubwa ni kwamba waliokufa ziwani kweli hawana sura ndani yake.

Mtoto alitaka kujua kama wale wa majini wamo ziwani mwetu. Hawamo. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 na ni ziwa kongwe, lina miaka kati ya milioni 9 na 12, lakini dinosaria na wale wa majini walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Ziwa letu ni mjukuu kwao.

Kisha ikaja ile sehemu niliyokuwa naingoja bila kujua. Wasafiri wanatokea kwenye bonde la nyasi ndefu, nyasi zinacheza, na kutoka humo zinainuka shingo. Ni Titanosaurus, wawili, mikia yao mirefu mno ikipishana hewani, wakisuguana shingo kwa mapenzi. Muziki wa John Williams wa mwaka 1993 unarudi. Loomis anasogea, anaweka kiganja kwenye mguu wa mnyama, na machozi yanamtoka. Bandani mtu mmoja alisema "Subhanallah", na hakuna aliyecheka.

Ujue basi, msomaji, kwamba wanyama wa ukoo huo wamechimbwa jirani yetu. Bonde la Rukwa liko kusini mashariki mwa ziwa hili hili, upande wa Tanzania. Huko walipatikana Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014, na Shingopana, aliyetangazwa mwaka 2017; hilo la pili lisome tena, ni shingo pana. Na mwaka 2019 Eric Gorscak na Patrick O'Connor walimtangaza mwingine, aliyegunduliwa mwaka 2004 kwenye kingo za Mto Mtuka, mkoani Songwe. Mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Jina lake la kisayansi, linalotumika London, Beijing na Buenos Aires, ni Mnyamawamtuka moyowamkia. Mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Mzee wa Rumonge asiyejua kusoma akitajiwa jina hilo analielewa kabla ya profesa wa Ulaya hajafungua kamusi.

Mwaka huohuo wa 2019 mkia mmoja uliotoka Tendaguru ulipewa jina Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, msimamizi aliyeuchimba. Kabla yake, mwaka 2007, Kristian Remes alimwita mnyama mwingine wa Tendaguru Australodocus bohetii. Huyo bohetii ndiye Boheti bin Amrani. Zaidi ya miaka 90 ilipita kabla jina lake halijaandikwa kwenye mfupa.

Mwishoni mwa filamu Loomis anashikilia kwamba damu ile isiwe mali ya kampuni, dawa yake ipewe watu wote, na Zora anakubali. Wengine wameliona hilo kuwa jibu rahisi la sinema. Mimi nilikaa nalo sana, kwa sababu swali la mali ya nani halijaisha nje ya sinema. Kiunzi cha Tendaguru bado kimesimama Berlin. Watanzania wamekuwa wakilijadili jambo hilo kwa miaka. Maoni yangu ni kwamba nakala kamili ya kiunzi hicho, kwa kimo chake chote, ingepaswa kuwa imesimama Lindi zamani, kwa gharama ya waliokichukua kwenda Berlin, na watoto wa shule waingie bure.

Tulitoka bandani karibu na saa 6 usiku. Mwezi ulikuwa utosini na ziwa lilikuwa jeupe. Mtoto aliniomba jina la yule wa moyo wa mkia nimwandikie, nikaandika kwa kidole kwenye mchanga mkavu, kando ya vichanja vya ndagala. Alilisoma mara mbili, halafu akaniuliza la yule mtu wa Lindi, nikaliandika chini yake.

Nawe ukiwaonyesha watoto wako filamu hizi, shingo ile ya kwanza ikipanda, simamisha picha kidogo uwatajie Boheti bin Amrani.